Tuzo ya riwaya, majaji wawe watu wa Marangu

Natamani Marangu, huku kwetu Kilimanjaro, iwe na tuzo yake ya riwaya. Iwe ya riwaya ya kwanza tu, kwa mwandishi ambaye bado hana jina, na majaji wawe wasomaji wa kawaida: mama anayeuza ndizi sokoni Mwika, karani wa chama cha msingi, mwalimu mstaafu, kijana wa bodaboda anayesoma huku akisubiri abiria.

Sipingi tuzo tulizonazo. Ile ya Safal, iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, imeinua Kiswahili, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imewapa vijana wetu sababu ya kumaliza miswada. Ila huko wanaoamua ni wataalamu, na msomaji wa kijijini naye ana jicho lake. Nilimwazima mama jirani riwaya ya mwandishi chipukizi, kisa cha huku kwetu mlimani. Kesho yake akanirudishia. "Huyu anachumisha watu kahawa mwezi wa nne, na masika yote yale? Kahawa ya wapi hiyo?" Hakuendelea tena. Huku kahawa huchumwa kuanzia Julai hivi, na kila aliyekulia kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, anajua. Mhariri hakuliona hilo. Lakini mama huyohuyo alikuwa ameshawasimulia wajukuu sura ya kwanza nzima, kwa kuwa ule ugomvi wa mpaka wa kihamba ulimwingia. Mwandishi angezipata wapi hukumu hizo mbili?

Ufaransa wameshalifanya. Chambéry, mji ulio kwenye milima ya Alps, una tamasha la riwaya za kwanza tangu 1987, na wanaozichagua ni wasomaji. Tuzo ya Livre Inter, ya redio ya France Inter, iliyoanza 1975, huamuliwa na wasikilizaji 24.

Sisi tuna Desemba. Wachagga wanapanda nyumbani kutoka kila kona, fedha ipo, watu wapo. Vitabu vianze kuzunguka mapema, nyumba kwa nyumba, riwaya tano, nakala sita kwa kila moja. Koo mbili tatu zikichanga, zinatosha kuzinunua. Baada ya Krismasi tukutane ukumbi wa usharika, kila jaji aseme hadharani kilichomshika na kilichomchosha, waandishi wakiwa wamekaa palepale wakisikia. Hapo ndipo penyewe, kuliko hata zawadi.

Na zawadi, kwa maoni yangu, iwe kijiji kununua nakala mia moja za mshindi, wanaorudi Dar mwezi wa kwanza waondoke nazo.