Miaka 85 ya Glencoe si sifa tupu

Wapenzi wa meli kongwe wakikutana, hakosi mmoja wa kuitaja Glencoe, meli ya mvuke, na atautaja umri wake kama mzazi anavyotaja alama za mtoto. Iliundwa mwaka 1846 na Tod & McGregor wa Glasgow, ikaja kukatwa chuma chakavu mwaka 1931. Miaka 85, tena magharibi mwa Scotland, kwenye bahari isiyo na huruma. Mimi nami nilikuwa naisifu hivyo hivyo. Siku hizi nasita.

Ilianza ikiitwa Mary Jane. Sir James Matheson, tajiri aliyekinunua kisiwa kizima cha Lewis, ndiye aliyeiagiza ifanye safari za Glasgow na Stornoway, bandari ya kisiwa hicho. Baadaye ikauzwa, ikauzwa tena, hadi ikaangukia mikononi mwa kampuni ya Hutcheson, ambayo nayo ikaja kuwa ya David MacBrayne. Mwaka 1875 ilifanyiwa matengenezo makubwa, ikatoka na jina la Glencoe.

Injini ikabaki ile ile ya silinda moja. Pistoni ilipanda wima kuelekea sitahani, na mkono wa chuma ukashuka tena kuzungusha mhimili wa magurudumu mawili ya ubavuni yanayopiga maji. Silinda ikiwa moja, nguvu haiji sawasawa: meli inasukumwa, inalegea, inasukumwa tena, nawe uliyeketi unatikisika mbele na nyuma kila mzunguko. Bahari ikichafuka, gurudumu la upande mmoja huinuka likapiga hewa, la pili likazama kupita kiasi. Lakini magurudumu yana ubora wake. Meli ya aina hiyo hupita kwenye maji ya kina kifupi, husimama upesi na kurudi nyuma upesi, na chombo cha kugusa gati baada ya gati kutwa nzima kinahitaji hayo kuliko mbio.

Ilipozeeka ikapelekwa kwenye barua za kisiwa cha Skye. Reli ilifika Kyle of Lochalsh mwaka 1897, na kutoka upande huo wa bara Glencoe ilibeba mifuko ya posta mpaka Portree, kisiwani Skye, pamoja na kondoo, masanduku, na watu wenye shughuli zao.

Hapa ndipo ninapojikwaa. Mwaka 1878 kampuni hiyo hiyo ya Glencoe ilizindua meli ya Columba kwa njia ya Glasgow hadi Ardrishaig. Ilikuwa na saluni za fahari, kinyozi, hata ofisi ya posta ndani yake, na ilitoka majira ya kiangazi tu, watalii wakiwa wengi. Mtalii kapewa Columba. Mtu wa Skye, anayesafiri Januari kwa sababu hana budi, kaachiwa chombo kilichoundwa kabla babu yake hajaoa. Sisi tuliokulia kwenye vivuko tunalijua hilo bila kusimuliwa: anayesifu ukongwe wa meli mara nyingi haipandi kila wiki.

Mwaka 1931 Glencoe iliwekwa kwenye gati la Broomielaw, Glasgow, ubavuni mwa Lochfyne, meli mpya ya dizeli na umeme, ili watu wa mjini waje walinganishe ya kale na ya kisasa. Watu wa Portree hawakuwa na haja ya kwenda kuitazama ya kale.