Tumekuja Lamu kutembea au kupiga picha?

Nauliza tu, jamani. Mtu amekaa kwenye basi mpaka Mokowe, akavuka kwa boti na mzigo mapajani, halafu akifika mtaa wa Mkomani anagandia mlango wa kwanza wa nakshi: "Nipige hapa!" Haya, nikapiga. "Nimefumba macho." Rudia. "Mtandio umeniteleza." Rudia! Mlango wa pili, yale yale. Na Mkomani milango ya nakshi mnajua ilivyo mingi? Kwa mwendo huu Ngome ya Lamu tutaifikia Idi ijayo.

Kichochoro chenyewe watu wawili wenye vikapu hawapishani. Nyuma yetu punda kabeba mchanga, mwenye punda anapaza sauti tupishe, bibi wa watu kasimama na samaki wake juani, na mrembo wetu bado anatafuta upande wake mzuri. Alipisha pale tu punda alipompumulia shingoni.

Ngome ile ilianza kujengwa 1813, ikamalizika 1821, na ilikuwa jela hadi 1984. Ukianza kumsimulia haya langoni, unaambiwa, "Subiri, kwanza shika simu." Mimi ni shubaka la kuwekea simu?

Wenzangu mnaosafiri na watu hawa, mnawezaje? Maana hata baharini hupumziki. Tuko mashuani twaelekea Shela, jua linazama, nahodha anaombwa arudi nyuma kidogo, picha imetoka na giza. Arudi! Na upepo nao nani atauambia usubiri?