Marekani ni Karibu Kuliko Mombasa

Mtu mzima mwenye heshima zake haamshwi saa tisa usiku kuulizwa swali ambalo jawabu lake bado liko angani. Usiku wa kuamkia leo mama mkwe alinipigia simu kutoka Mombasa kuuliza kama mwanawe amekwisha kufika New York, ilhali ndege ilikuwa imeondoka Nairobi saa sita. Foleni ya kwenda uwanjani sitaisema, wala halua iliyotolewa kwenye sanduku mbele za watu ili mizani irudi kwenye kilo 23.

Nilimjibu kwa adabu kwamba kati ya miji hiyo miwili kuna takriban kilomita 11,800, kwamba ndege isiyotua njiani huchukua kama saa 15, na kwamba kijana atashuka saa moja asubuhi. Hapo nikawa nimejichimbia kaburi.

"Kutoka saa sita usiku hadi saa moja asubuhi ni saa saba," alisema. "Na basi la kuja kwangu, mwanangu, huchukua saa ngapi?"

"Nane, Mama."

"Kumbe Marekani ni karibu kuliko Mombasa, na wewe hujaonekana huku tangu Idi."

Nilieleza kwamba huko wako nyuma yetu kwa saa nane, hivyo saa moja yao ya asubuhi ni saa tisa yetu ya alasiri. Akataka kujua hizo saa nane huwekwa wapi. Nikachukua chungwa na uzi, nikaanza kuonyesha jinsi dunia ilivyo mviringo, na kwa nini ndege hupinda kaskazini juu ya Sahara badala ya kufuata mstari ulionyooka kwenye ramani. Nilikuwa nimefika katikati ya Atlantiki nilipokumbuka kwamba hanioni.

Akahamia kwenye safari ya kurudi: kuondoka New York saa sita mchana na kufika Nairobi kesho yake saa nne asubuhi, jumla saa 22 kwa hesabu yake. Rubani hupotea? Nikasema, kwa sauti ambayo sijivunii, kwamba kurudi ni kama saa 14 tu, pungufu kuliko kwenda, kwa sababu huko juu huvuma upepo mkali kutoka magharibi unaoisukuma ndege mgongoni.

"Si ungesema mapema ni mambo ya pepo!" akanikemea. Marehemu babake alikuwa akienda Maskati kwa kusi na kurudi kwa kaskazi, na hakuna aliyemhesabia saa. Kama kijana ana upepo wa mbisho, atafika utakapomruhusu. Akakata simu, akalala. Mimi nilibaki jikoni na chungwa langu.

Mwezi wa Machi Wamarekani watasogeza saa zao mbele na tofauti itakuwa saa saba. Habari hiyo mwanawe atampa mwenyewe. Ijumaa mimi nitakuwa ndani ya basi.