Viwanja vyetu vya hewani vipo na hati tunayo, mbona hatujengi?

Jumamosi iliyopita saa kumi jioni nilikuwa nimekaa sakafuni hapa kwangu Minneapolis, hedifoni masikioni, redio ipo megahezi 14.100, macho kwenye saa. Pale kwenye hayo masafa kuna vituo 18 vya redio ya ridhaa, yaani redio ya kuongea ya watu wa kawaida, vimetawanywa dunia nzima na vinapokezana, kila kimoja kinapiga sekunde 10 kinampisha mwenzie, dakika 3 mzunguko umeisha wanaanza upya. Zamu ya Kenya inaanza dakika ya kwanza na sekunde 50. Kituo kipo Nairobi, kinajitaja jina, 5Z4B, kwa Morse, zile alama za milio mifupi na mirefu, halafu kinatoa mlio mrefu mara nne, wa kwanza kwa wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, wa nne sehemu ya kumi ya wati. Nilikuwa nimekitafuta wiki nzima nasikia mvumo tu. Siku hiyo kikaja. Jina nikalipata lote, mlio wa kwanza safi, wa pili kwa mbali kabisa, yaani wati 10, nguvu ya taa moja ya sebuleni, imetoka Nairobi imegonga anga imerudi chini imegonga tena mpaka Minnesota. Kwetu nyumbani Tanzania muda huo ni saa sita usiku, watu wamelala. Nilivua hedifoni nikakaa kimya kama dakika mbili hivi.

Sasa nimeamua kuandika maana kuna kitu kinaniuma na nimekibeba muda mrefu.

Mimi ni mtu wa Pangani, ile ya Tanga. Baba mdogo alikuwa karani kwenye hospitali ya misheni, na pale ofisini kwao kulikuwa na simu ya upepo, wale wa umri wangu mnaikumbuka, boksi la chuma na betri ya gari chini ya meza, asubuhi wanaita wanaitikiwa, mgonjwa akizidiwa wanaongea na watu wa ndege za Flying Doctors kule Nairobi. Nilikuwa nasimama mlangoni nasikiliza mpaka nafukuzwa. Nikakua najua redio ya kuongea ni ya serikali, hospitali, polisi na meli basi, mtu wa kawaida yeye ni kusikiliza taarifa ya habari.

Kumbe sivyo. Kuna huduma nzima inaitwa redio ya ridhaa, ridhaa ileile ya ndondi za ridhaa, yaani mtu anafanya kwa kupenda sio kwa biashara. Na hii huduma haikuombewa hisani na mtu, imeandikwa kwenye kanuni za ITU, lile shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, na nchi zimesaini. Ukitaka kuelewa fikiria hewa kama mtaa uliopimwa viwanja. Anza na redio za FM, zinaishia megahezi 108. Wakimaliza wao wanaanza ndege, mpaka 137. Ukisogea kidogo unafika 144 hadi 146, hapo ndio kwetu watu wa ridhaa. Endelea mbele unakutana na meli, ile 156.8 ambayo nahodha yeyote pale bandari ya Tanga anaifahamu. Kila mtu na kiwanja chake na mpaka wake. Na sisi wa ridhaa hatuna hicho kimoja tu, tuna vipande huku na kule, ndio tunaviita bendi, kuna 3.5, kuna 7, kuna 14, 21, 28, mpaka huko juu ya 430. Kila kimoja kina tabia yake. Bendi ya 7 ni ya usiku, ya 14 ni ya mchana na jioni, ya 28 jua likichangamka unaongea na dunia kwa nguvu ndogo mno, jua likipoa miaka kadhaa inalala.

Dunia wameigawa kanda tatu. Marekani yote ya juu na ya chini ni Kanda ya 2, Asia ya mbali na Australia ni Kanda ya 3, sisi Afrika tupo Kanda ya 1 pamoja na Ulaya na Waarabu. Sikilizeni hapo vizuri, Kanda ya 1, jedwali lilelile analosoma Mwingereza na Mjerumani ndio ambalo lina sisi ndani. Hawakutengewa wao viwanja vizuri sisi tukapewa bondeni. Ni vilevile.

Huku nilipo wana vikubwa zaidi sehemu fulani, hilo ni kweli. Ile bendi ya 144 kwao inakwenda mpaka 148, kwetu inakomea 146. Bendi ya 7 kwao inafika 7.300, kwetu 7.200. Na hiyo ya kwetu ilikuwa fupi zaidi, mpaka 2009 ilikuwa inaishia 7.100, hapo juu walikuwa wamekaa watangazaji wa redio za masafa mafupi, mita bendi 41, mkutano wa ITU wa mwaka 2003 ndio uliamua wasogee wapishe. Lakini kuna sehemu sisi tumewazidi. Marekani serikali yao imekatakata bendi nyingi kwa madaraja ya leseni na kwa aina ya mawasiliano, sauti hapa, Morse pale, ukikosea umevunja sheria. Kwenye bendi ya 14 hakuna Mmarekani hata mwenye daraja la juu kabisa anayeruhusiwa kuongea kwa sauti chini ya 14.150, wakati Kanda ya 1 watu wanaongea hapo bila shida. Yaani mtu akiwa Kigoma na leseni yake anaita 14.130, mimi namsikia vizuri kabisa, na siruhusiwi kumjibu kwa sauti palepale.

Alafu kuna setilaiti ya Qatar iliyorushwa Novemba 2018, imebeba chombo cha watu wa ridhaa, inaitwa QO-100, imesimama palepale angani kwenye nyuzi 26 mashariki haitembei. Inaona Ulaya yote na Afrika yote. Ukiwa Pangani dishi unalielekeza karibu juu ya kichwa, dishi la king'amuzi hilihili na LNB yake ya kawaida, kile kichwa cha mbele, ukiunga na kipokezi kinachofaa unasikiliza watu wanaongea kutoka Brazil mpaka Asia saa 24. Mimi huku Minnesota ipo chini ya upeo, siioni na sitaiona. Wenzangu wa klabu hapa wanaitamani mno, sisi ipo juu ya paa letu.

Kwa hiyo tatizo sio masafa. Tatizo ni mlango wa kuingilia, na hapa ndipo nataka nilinganishe kweli.

Mwaka 2022 nilifanya mtihani wa daraja la kwanza, Technician, kwenye chumba cha chini cha maktaba ya mtaa. Maswali 35, ukipata 26 umefaulu. Maswali yote mia nne na kitu yanatangazwa hadharani na majibu yake, unasoma kwenye simu ukiwa kwenye basi, mimi nilisoma hivyohivyo nikitoka zamu ya usiku. Wasimamizi ni wazee wa kujitolea, sheria inataka wawe watatu, wakasahihisha palepale mbele yangu na mmoja akanipa mkono akaniambia karibu hewani. Nililipa dola 15 za mtihani na dola 35 za serikali, leseni miaka 10. Na hakuna aliyeniuliza mimi ni raia wa wapi, maana sheria yao hailazimishi uraia, ilimradi una anwani ya posta ya hapa. Mgeni, mlinzi wa usiku, lafudhi ya Kitanga, ndani ya wiki nina jina langu la hewani. Kitu hiki kilinigusa na mpaka leo kinanigusa.

Mwaka uliofuata nikaenda likizo nyumbani, nimebeba kiredio cha mkononi cha dola 30 na redio ndogo ya kusikilizia masafa mafupi. Kiwanja cha ndege kijana wa mizigo akakitoa, kaka hii redio koli ya nini, we askari? Nikamweleza, nikamwonesha leseni ya Marekani, akaita mkubwa wake, mkubwa akaita mwingine. Wakakizuia wakaniandikia karatasi. Na kwa haki walikuwa sahihi kabisa, sikuwa na kibali cha nchi na kiredio chenyewe kimepangwa kwa 148 ya Marekani, ningebonyeza 147 nyumbani ningekuwa nimeingia kiwanja cha mtu. Silalamiki hapo. Kilichoniumiza ni baada ya pale, nilipouliza haya niende wapi nikapate kibali, siku tatu nilizunguka, dirisha hili andika barua, dirisha lile hiyo sio idara yetu, dada mmoja mwenye roho nzuri kabisa akaniambia kaka yangu mimi nipo hapa miaka sita hujawahi kuja mtu kuulizia hiki kitu. Miaka sita! Leseni ya ridhaa nyumbani ipo kisheria, wageni na wamisheni wamekuwa wakirusha kwa majina ya hewani yanayoanza na 5H, alama ya Tanzania, miaka na miaka, lakini mtoto wa Pangani hajui hata kama hilo neno lipo.

Nina ndugu Maskati, kule marehemu Sultan Qaboos mwenyewe alikuwa na leseni, jina lake la hewani A41AA, chama chao cha redio kipo tangu miaka ya 70. Ukiona mkubwa wa nchi anapenda kitu basi vijana nao wanakijua. Sisi nani atatuonesha?

Turudi Pangani. Usiku nikafunga waya mita 20 kati ya minazi miwili nyuma ya nyumba ya mama, nikauunganisha na ile redio ya kusikilizia. Jamani. Huku Minneapolis nasikiliza redio kama mtu anayesikiliza mnong'ono sokoni, kila nyumba ina chaja, taa, lifti, mashine za kila aina zinavuma hewani, na mwenye nyumba kaniandikia barua hataki kuona waya nje, wenye nyumba zao nao mtaani wana chama cha kuwakataza. Antena yangu ipo ndani nyuma ya pazia. Kule kwa mama kimya, hewa imetulia kama maji ya alfajiri, Waitaliano, Warusi, watu wa Afrika Kusini, wote wanaongea kwenye 7.100 na kitu utafikiri wapo uani wanapepeta mchele. Nairobi 5Z4B inapasua masikio. Na sikusikia Mswahili hata mmoja. Wiki mbili, kila usiku.

Na huyu Mswahili angekuwepo angegombewa. Mimi huku nikiita kwa jina la Marekani wananipita maana Wamarekani wenye leseni ni zaidi ya laki saba, nani ana shida na mmoja zaidi. Ukiita na 5H wanakurukia mia kwa mpigo, watu wanaamka usiku kutafuta nchi hiyo waiandike kwenye daftari lao la nchi walizoongea nazo.

Sasa kiwanja kisichojengwa mnajua kinavyokuwa, anakuja mtu anauliza hiki cha nani. Mwaka 2019 Ufaransa ilileta wazo kwenye vikao vya Ulaya kwamba ile 144 mpaka 146 iangaliwe kwa matumizi ya ndege. Watu wa ridhaa wa Ulaya wakaandika, wakapiga simu, wakajaa kwenye vikao, wazo likaondolewa. Likija tena siku nyingine na kura ikapigwa dunia nzima, Tanzania ina kura yake moja sawa na Ufaransa, na mjumbe wetu atakaa pale akijiuliza nyumbani nani anatumia hii. Anatakiwa awe na jibu. Mimi nasema mtihani uwepo kwa Kiswahili, maswali yawekwe wazi kama huku, ada iwe ya mwanafunzi kumudu, ufanyike Tanga, Mwanza, Mbeya, sio mtu asafiri Dar kufuata dirisha. Fundi redio aliyefaulu kidato cha nne anaweza kuyajibu hayo maswali, nimeyasoma yote nayajua.

Mpwa wangu yupo kidato cha tatu, usiku ule alikaa na mimi chini ya minazi mpaka saa nane. Wiki iliyopita kanitumia meseji ya sauti, mjomba tuseme nimepata leseni, mimi na wewe tutaongea masafa gani. Nikakaa nikapiga hesabu. Kwa daraja nililonalo sasa, General, lile linalofuata baada ya Technician, kwenye bendi ya 7 naruhusiwa sauti kuanzia 7.175, yeye mwisho wake 7.200. Kilohezi 25 tu ndio zinatukutanisha, na mazungumzo ya sauti yanakula kama 3, kwa hiyo nafasi kama nane hivi kwa watu wote. Muda ni pale kwake panapokaribia kupambazuka na kwangu giza limeshaingia. Nikamjibu, 7.180, saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenu, saa tatu na nusu usiku kwangu, waya wa bibi bado upo kwenye minazi usiuanikie nguo.