Ethanoli inabebeshwa mzigo wa joto

Uingereza ilipoifanya E10, petroli iliyochanganywa na ethanoli (aina ya alkoholi), kuwa petroli ya kawaida mwezi Septemba 2021, wenye magari ya kale walipata wa kumlaumu. Gari likikohoa, ni ethanoli. Likikataa kuwaka baada ya kusimama kidogo, ni ethanoli. Ni kweli kwamba injini za miaka ya 1950 na 1960 hazikuundwa kwa petroli yenye hadi asilimia 10 ya ethanoli. Lakini shtaka linalorudiwa kuliko yote, kwamba E10 ndiyo inayogeuza mafuta kuwa mvuke kabla hayajafika kwenye kabureta, halijachunguzwa vya kutosha.

Walalamikaji wapewe haki yao kwanza. Ethanoli inavimbisha na kulainisha mipira ya aina ya zamani, na matangi ya fibaglasi ya baadhi ya pikipiki yameharibiwa nayo. Inavuta maji pia. Maji yakizidi takriban nusu ya asilimia, hujitenga pamoja na ethanoli na kutuama chini ya tangi, pale pale bomba linaponyonya. Niliwahi kuvua paipu ya mafuta ambayo kwa nje ilikuwa nyeusi na nzima kabisa. Nilipoikunja kwa vidole ikafunguka nyufa kama tope lililokauka, na tone la petroli likatokeza ubavuni. Paipu hiyo ilikuwa ikipita karibu na ekzosi. Anayekwambia ujaze E10 uondoke bila kugusa paipu za zamani anakuhatarisha wewe na gari lako.

Sasa mvuke. Umepanda mlima mrefu, umezima injini, umekaa dakika kumi. Feni imesimama, maji hayazunguki, na joto lote la injini linapanda kwenye kabureta. Ukifungua boneti unasikia mafuta yakitokota ndani ya bakuli la kabureta, na harufu ya petroli inakupiga usoni. Unapiga stata, haliwaki. Mwenye gari anaikumbuka E10 aliyoweka asubuhi, na kwake kesi imekwisha.

Tuangalie vipimo. Mvuke wa petroli hupimwa kwenye nyuzijoto 37.8. Ethanoli safi hapo hutoa shinikizo la kilopaskali 16 hivi tu, ilhali petroli ya kiangazi katika nchi nyingi za Ulaya huwa kati ya 45 na 60. Mtu angetarajia kwamba kisicho chepesi kuruka kikichanganywa na kinachoruka, mvuke utapungua. Unaongezeka, kwa kilopaskali 7 hivi. Molekuli za ethanoli zikiwa zenyewe kwa zenyewe hushikana kwa nguvu. Zikitawanywa ndani ya petroli hazina wa kumshika, zinatoroka.

Na ongezeko hilo haliendi sambamba na kiasi cha ethanoli. Karibu lote hutokea ndani ya asilimia 5 za mwanzo. Kutoka 5 hadi 10 mvuke haubadiliki sana, na ukizidi kuongeza ethanoli unaanza kushuka. Kwa hiyo anayeikimbia E10 kwenda E5, yenye hadi asilimia 5 ya ethanoli, kwa ajili ya mvuke tu hajakimbia popote. Kwa mipira na maji, ndiyo, amepata nafuu. Kwa mvuke, karibu ni mafuta yale yale.

Linganisha hizo kilopaskali 7 na tofauti ya majira. Viwanda huongeza butani, gesi inayoruka upesi, kwenye petroli ya majira ya baridi ili injini iwake asubuhi, na shinikizo lake katika maeneo ya baridi linaweza kupita kilopaskali 90. Gari lililolala miezi kadhaa na mafuta hayo, kisha likatolewa siku ya kwanza ya jua kali, litatokota hata kama halina tone la ethanoli.

Kuna pia umbo la gari lenyewe. Gari la kisasa lina pampu ndani ya tangi, inasukuma mafuta kwa shinikizo la baa 3 au zaidi, na mafuta yaliyobanwa hivyo hayachemki upesi. La kale lina pampu iliyofungwa kwenye injini yenye moto, na inavuta. Kimiminika kinachovutwa huchemka kwa joto dogo zaidi. Petroli ya leo inatengenezwa kwa ajili ya lile la kwanza.

Kuna jambo moja ninalowakubalia upande wa pili bila ubishi: ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78, na ikiwa ndani ya petroli husababisha sehemu kubwa zaidi ya mafuta iruke karibu na nyuzi 70. Bakuli la kabureta lenye joto linaihisi tofauti hiyo. Inaongeza tatizo ambalo tayari lipo.

Petroli ya sintetiki, inayotengenezwa kiwandani bila mafuta ghafi, ingeondoa sehemu ya ugomvi huu. Julai 2022 dereva wa Formula 1 Sebastian Vettel aliendesha gari la mbio la Williams FW14B la 1992 kwenye uwanja wa Silverstone kwa mafuta yasiyoongeza kaboni hewani, na Desemba mwaka huo kiwanda cha Haru Oni, Chile, kilianza kutengeneza petroli kwa umeme wa upepo. Injini haihitaji kubadilishwa. Kiasi kinachopatikana bado ni kidogo mno kwa anayetaka kujaza tangi leo.

Gari langu bado linatumia E10. Paipu zote nimeweka mpya zinazostahimili ethanoli, bomba la mafuta nimelihamisha mbali na ekzosi, na chini ya kabureta kuna kipande kinene cha kuzuia joto. Jeti, kitundu kinachopima mafuta ndani ya kabureta, nimeiongeza ukubwa kidogo ili mafuta mengi zaidi yapite, kwa sababu lita ya ethanoli ina nishati ya theluthi mbili tu ya lita ya petroli na kabureta haina namna ya kujua hilo. Mafuta ya majira ya baridi nayamaliza kabla jua halijawa kali.