Constable: tuonyesheni na nyuma ya picha

Waingereza wameadhimisha miaka 250 tangu kuzaliwa kwa wachoraji wao wawili wakubwa wa mandhari, J.M.W. Turner (1775) na John Constable (1776), na Novemba 2025 jumba la sanaa la Tate Britain, London, lilifungua maonyesho yanayowakutanisha. Kuwashindanisha hawa wawili ni mchezo wa zamani. Mwaka 1831, picha zao zilipotundikwa jirani kwenye maonyesho ya Royal Academy, chama cha wasanii cha London, wahakiki walisema Turner ni moto na Constable ni maji.

Mimi niko upande wa maji. Lakini hata kwa Constable, moyo wangu hauko kwenye turubai kubwa kama The Hay Wain, inayokaribia upana wa mita mbili na ambayo kila mtu huikimbilia. Uko kwenye vikaratasi vyake vya mawingu.

Alivichora Hampstead, kwenye mwinuko wa kaskazini mwa London, hasa mwaka 1821 na 1822. Familia ilikaa huko ili mkewe Maria, aliyekuwa na kifua kikuu, apate hewa safi. Constable alikuwa akitoka na karatasi na rangi za mafuta, anatazama juu, anachora anga. Wingu halimsubiri mtu, kwa hiyo ilikuwa lazima mkono uende mbio. Oktoba 1822 alimwandikia rafiki yake John Fisher kwamba amekwisha chora anga kama hamsini.

Kimoja kati ya hivyo, cha tarehe 11 Septemba 1821, kinahifadhiwa na Royal Academy. Ni kidogo, sentimita 24 kwa 29 hivi: mawingu, na upande wa kulia mti uliochungulia. Nyuma yake Constable ameandika kwamba ilikuwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, mawingu ya kijivu cha fedha, fukuto, upepo mwepesi wa kusini-magharibi. Kisha anaongeza kwamba mchana kutwa hali ilikuwa nzuri, ila usiku uliofuata mvua ilinyesha.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayonishika. Picha ilikwisha kabla ya adhuhuri, lakini mtu huyu alirudi baadaye kuandika wingu lile liliishia wapi. Alikuwa mtoto wa mwenye vinu vya kusagia nafaka, na ujanani alifanya kazi kwenye kinu cha upepo, ambako kuisoma anga vibaya ni hasara. Wataalamu wa hali ya hewa wamelinganisha maandishi yake na kumbukumbu za siku zile, na wameona alikuwa makini kweli.

Sasa, kwa nini maandishi hayo tunafichwa? Kwa kawaida kibandiko cha ukutani kinatupa jina la picha, mwaka na aliyeitoa, basi. Nataka kila jumba la sanaa linaloonyesha mawingu haya liweke pembeni picha ya upande wa nyuma, na maneno yake kwa herufi za kusomeka hata na mwenye macho mazito. Najua wapo wanaosema picha ijisemee yenyewe. Constable mwenyewe hakuwa na mawazo hayo. Katika mhadhara wa mwaka 1836 alisema uchoraji ni sayansi, na picha ni majaribio yake. Ukionyesha jaribio bila kumbukumbu zake, umeonyesha nusu ya kazi.

Vikaratasi hivi hakuvichora avionyeshe kwa umma. Vilibaki nyumbani, na mwaka 1888 binti yake Isabel alitoa vingi kwa makumbusho ya London. Kwa hiyo ukienda kumtazama Constable, anza navyo, soma kila kilichoandikwa, ndipo usogee kwenye Salisbury Cathedral from the Meadows, picha yake kubwa ya kanisa kuu la Salisbury. Aliionyesha mwaka 1831, Maria akiwa amefariki tangu 1828. Kanisa litakusubiri, wewe tazama kwanza lile wingu jeusi lililo juu yake, ujiulize upepo unatokea wapi.