Kinaya kinahitaji macho

Mteja Kariakoo anatajiwa shuka elfu thelathini, naye anasema ana elfu nane. Muuzaji hagombi. Anaanza kulikunja taratibu: "Chukua bure dada'angu, na nauli ya Mbagala nikupe." Dada anacheka, anapanda hadi kumi na tano. Hakuna aliyedanganywa, maana sura na mikono ya muuzaji vilishasema kinyume cha maneno yake. Hicho ndicho kinaya: kusema kinyume cha unachomaanisha.

Wasiopenda kinaya wanakiita woga: una neno, liseme. Tena kinauma kuliko tusi, kwa sababu ukilalamika utaulizwa, "Kwani nimesemaje? Si nimekusifu?" Hoja hiyo ina uzito, hasa majumbani. Dada wa kazi aliyeunguza wali akiambiwa "hongera, leo tumekula biriani", atajibu nini? Hapo niko upande wao kabisa.

Ila kwa watani mambo ni mengine. Novemba 5, 2023 Yanga ilipoifunga Simba 5-1, shabiki wa Yanga aliyempongeza jirani yake kwa hilo bao moja hakuhitaji mkalimani. Jirani naye ana 5-0 ya Mei 2012 ya kumrudishia. Wote wana silaha, na matokeo wanayajua. Kuwataka waseme moja kwa moja ni kuwanyima raha yao.

Kwenye simu ndiko kinaya kinakoyumba. Wapo wanaotaka kila kinaya kifuatwe na kikaragosi cha kucheka. Mimi naona hiyo ni kueleza kichekesho kabla hakijachekesha. Tukio likionekana inatosha. Piga picha foleni ya Ubungo, andika "njia nyeupe leo", picha itasema iliyobaki. Shida ni kwamba ujumbe ukishasambazwa kundi hadi kundi, picha huachwa nyuma, maneno yakaendelea na safari peke yake. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinagusa anayechapisha uongo kwa nia ya kupotosha. Mtani hana nia hiyo, lakini nia haisomeki kwenye kioo cha simu.

Basi bei, mpira na mavazi tuendelee kutaniana. Ila masika yakilijaza maji bonde la Msimbazi, pale Jangwani, ukaandika "Jangwani panapitika bila shida", kuna dereva atakata kona kuelekea huko.